Panya ndani ya nyumba: uzibe, unase, ubane au ufuge paka?

Kijana wa mkokoteni anayepita mitaani na kipaza sauti, "dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto", hana maswali. Unalipa, unapewa kipakiti, unamwaga nyuma ya kabati. Siku kadhaa baadaye chumba kinanuka na mzoga hauonekani. Wapo wasioitaka njia hiyo: wengine kwa sababu wana mtoto anayetambaa, wengine kwa sababu hawaoni raha kumtesa mnyama hata kama ni mwizi wa unga. Makala haya ni yao, hasa waliokwama kati ya mtego huu na ule.

Vipimo vinne

Kila njia nimeipima kwa mambo manne yaleyale.

La kwanza ni mateso: panya anateseka kwa muda gani tangu anaponaswa hadi anapoachiwa au kufa. Hapo hesabu na idadi pia. Mtego unaoua kwa sekunde moja, lakini unaotegwa kila wiki mwaka mzima kwa sababu mlango wa panya uko wazi, unaua wengi mno kwa kazi ambayo kiganja cha saruji kingeimaliza. La pili ni usalama wa watu, mifugo na majirani. La tatu ni kazi na gharama. La nne ni kama nyumba itabaki bila panya, au utaanza upya mwezi ujao.

Sikuweka sharti kwamba panya abaki hai. Wapo wanaolishika hilo, na njia yao ipo hapa. Wapo wanaosema kumuua ni ruhusa ila kumtesa siyo; aliyefundishwa madrasa kwamba kisu hunolewa kabla ya kuchinja ataielewa hoja hiyo upesi. Vipimo hivi vinawafaa wote wawili.

Mjue kwanza unayeishi naye

Panya wa nyumbani si wa aina moja, na mtego unaomfaa mmoja unamtesa mwingine. Tazama kinyesi. Kama ni kidogo, milimita tatu hadi sita, kimetapakaa kwenye droo na nyuma ya jiko, huyo ni panya mdogo wa ndani. Ana uzito wa gramu 20 hivi, anapita kwenye tundu la milimita sita au saba, na haendi mbali: kiota chake huwa mita chache tu kutoka kwenye chakula. Ni mdadisi. Ukiweka kitu kipya, usiku uleule atakuja kukinusa.

Kinyesi cha sentimita moja au zaidi, pamoja na mbio za usiku darini, ni cha panya mkubwa. Huyu anahitaji tundu la sentimita mbili hivi, anapanda ukuta na nyaya, na kitu kipya kinamtisha. Anaweza kuupita mtego siku kadhaa bila kuugusa, ukadhani chambo ni kibaya.

Kama huna uhakika wanakopita, nyunyiza unga kidogo wa ngano sakafuni kando ya ukuta kabla ya kulala. Asubuhi utasoma nyayo na mstari wa mkia. Njia wanayoitumia sana utaiona hata bila unga: ukingo wa chini wa ukuta una doa jeusi la mafuta ya manyoya yao, na juu ya boriti vivyo hivyo.

Haraka inahitajika, lakini si ya kukurupuka. Panya mdogo hubeba mimba wiki tatu tu, na watoto wake huwa tayari kupandana wakiwa na wiki sita hadi nane. Uliyemwona peke yake jikoni pengine hayuko peke yake.

1. Kuziba matundu na kufunga chakula

Mateso: Karibu hakuna, ukifanya kwa mpangilio. Kuna kosa moja ambalo mafundi wengi hawaliambiwi. Ukiziba dari siku moja, mchana, panya wamelala humo ndani, umewafungia wafe kwa njaa na kiu, na watoto wao kiotani. Utajua kwa harufu. Mpangilio bora ni kuziba yote isipokuwa tundu moja, lile linalotumika sana. Hilo liwekee karatasi iliyosokotwa. Karatasi ikisukumwa usiku, bado wanapita. Ikikaa siku tatu nne bila kuguswa, na darini kuko kimya, ziba. Wakiendelea kuisukuma, tega kwanza, kisha ndiyo uzibe.

Usalama: Hakuna njia iliyo salama kuliko hii. Hakuna kinachoweza kumdhuru mtoto, kuku wala paka wa jirani.

Kazi na gharama: Kazi ni nyingi siku za mwanzo, kisha inakwisha. Anza na mlango. Chukua kalamu ya kawaida ya wino, isukume chini ya mlango ukiwa nje. Ikiingia bila kukwama, panya mdogo anaingia pia. Dawa yake ni kipande cha bati au raba ngumu kilichopigiliwa chini ya mlango, au kizingiti cha saruji. Halafu fuata mabomba: chini ya sinki, nyuma ya choo, tundu la bomba la kiyoyozi, tundu ulilotobolewa dirishani kwa ajili ya waya wa king'amuzi. Fundi wa king'amuzi huondoka akiacha tundu kubwa mara tatu ya waya, na hakuna anayelikumbuka tena.

Juu, angalia mabati yanapokaa ukutani. Kila wimbi la bati ni mlango. Matundu ya hewa yaliyofunikwa kwa wavu wa mbu wa plastiki usiyahesabu kama yamezibwa, kwa kuwa ule hutafunwa usiku mmoja. Wavu wa kuku nao una macho makubwa mno. Tafuta wavu wa chuma wenye macho ya milimita sita. Kwenye matundu madogo shindilia waya wa kusugulia masufuria, kisha funika kwa saruji au silikoni. Gazeti, tambara na sponji ni kazi bure. Tawi la mwembe linaloning'inia juu ya paa likate, libaki mbali zaidi ya mita moja.

Nyumba ya makuti haizibiki, na anayekuambia inazibika anataka hela yako. Kwa nyumba kama hiyo nguvu zote ziende kwenye chakula.

Na chakula ndicho nusu ya kazi hata kwenye nyumba ya ghorofa. Mchele na unga viingie kwenye debe la bati, pipa, au ndoo nene yenye mfuniko unaobana. Mifuko ya tabaka tatu ya kuhifadhia nafaka inawaweza dumuzi kwa kuwanyima hewa, panya anaitoboa. Chakula cha kuku kisilale bandani. Sahani za usiku zioshwe usiku. Bomba linalovuja lirekebishwe, maana panya mkubwa anahitaji maji kila siku, ingawa yule mdogo anaweza kuridhika na unyevu ulio kwenye chakula.

Kudumu: Ndiyo njia pekee inayodumu. Kagua tena baada ya mavuno na mvua kubwa zinapoanza, wakati panya wa mashambani na wa mitaroni wanapotafuta pa kuhamia.

Inamfaa nani: Mwenye nyumba yake, na mpangaji mwenye mkataba mrefu au mwenye nyumba msikivu. Haimfai sana anayeishi chumba kimoja kwenye nyumba ya vyumba vingi yenye dari moja isiyokatwa, kwa sababu unaziba kwako na panya wanashuka kwa jirani, kisha wanarudi kupitia taa yako.

2. Mtego wa kunasa hai

Ni kile kizimba cha waya chenye mlango unaojifunga, au kile kidogo cha plastiki kwa panya wadogo. Wengine hutengeneza kwa ndoo: kopo linalozunguka kwenye waya juu ya ndoo, limepakwa siagi ya karanga, panya anapanda kijiti, kopo linageuka, anatumbukia. Ndoo kavu ni mtego wa kunasa hai. Ukitia maji ni mtego wa kuzamisha, na panya huogelea muda mrefu kabla ya kufa. Usiihesabu ndoo hiyo kwenye kundi hili.

Mateso: Yanategemea wewe kuliko mtego. Mwili wa panya mdogo huchoma chakula haraka, na saa nyingi ndani ya kijisanduku bila kula zinaweza kumuua. Kwa hiyo ndani weka karanga, kipande cha tango au boga kwa ajili ya maji, na karatasi laini ya kujifichia. Kagua asubuhi na jioni, bila kukosa. Ukisafiri, mtego ubaki umefungwa. Usiuache barazani chini ya bati jua likiwaka.

Kuna swali ambalo wauzaji hawaligusi: utampeleka wapi? Ukimwachia mlangoni anarudi kabla hujaosha mikono. Ukimpeleka mbali, hajui pa kujificha wala pa kula, na huko kuna paka, nyoka, bundi na panya wenyeji. Panya mdogo aliyezoea jiko huwa hachukui muda mrefu huko. Aliyemtupa kwenye kiwanja cha pili naye ameshampa mtu mwingine shida yake.

Njia yenye huruma zaidi inashangaza kidogo: mwachie karibu, jioni, kwenye lundo la kuni au kichaka kilicho uani, baada ya kuziba nyumba. Anapafahamu pale, ila ndani haingii tena. Kama chuchu zake zimevimba na manyoya yamenyonyoka kuzizunguka, ananyonyesha. Mwachie siku hiyohiyo jirani kabisa na alipokamatwa, halafu utafute kiota. Bila kuziba, mtego huu ni kumzungusha mnyama tu.

Usalama: Mzuri kwa watoto na wanyama wa nyumbani, isipokuwa kwa anayeubeba. Panya mwenye woga anauma, na mkojo wake unaweza kubeba vimelea. Homa ya mgunda iliyowaumiza watu Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022 huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Vaa glavu nene, funika kizimba kwa kitambaa ili panya atulie, fungulia mlango ukiwa umeuelekeza mbali na miguu yako, kisha osha kizimba kwa maji yenye jiki.

Kazi na gharama: Kizimba ni ghali kuliko mtego wa kubana lakini kinatumika miaka. Kazi haikwishi: kutega, kukagua, kutembea, kuosha.

Kudumu: Peke yake, hapana.

Inamfaa nani: Mwenye panya mmoja au wachache walioingia kwa bahati mbaya, mwenye uwanja, na anayekuwa nyumbani kila siku. Na kwa asiyeweza kuua kwa imani au kwa moyo wake, hii ndiyo njia yake, mradi ashike na namba moja.

3. Mtego wa kubana

Huu ndio mtego wetu wa siku zote, ubao na springi. Watu wengi wanaupa sifa ya ukatili kwa sababu ya sauti yake na jinsi panya anavyoonekana asubuhi. Mimi naona hukumu hiyo inafuata macho zaidi ya hesabu. Ukipiga shingo au kichwa kwa nguvu ya kutosha, panya anapoteza fahamu papo hapo.

Mateso: Sekunde chache, kama mtego ni wa saizi yake, springi ni imara na umewekwa sawasawa. Visipotimia hivyo, unabana mguu au mkia, na hiyo ni saa nzima ya maumivu. Mtego mdogo usimtegee panya wa darini, hautamuua, utamjeruhi. Mtego uliochoka tupa.

Namna ya kuuweka ndiyo inayoamua. Uweke sakafuni uelekee ukuta kama herufi T, upande wa chambo ukigusa ukuta, kwenye ile njia yenye doa jeusi. Chambo kiwe kidogo. Pwani hatuna haja ya jibini: kipande cha nazi iliyochomwa, cha ukubwa wa ukucha, kifungwe kwa uzi kwenye kishikizo. Harufu ya nazi iliyobabuka inamtoa darini, na uzi unamlazimisha avute badala ya kudokoa na kuondoka. Kichwa cha dagaa aliyekaangwa kinafanya kazi hiyohiyo.

Kwa panya wadogo tega mitego kadhaa kwa wakati mmoja, mita mbili hivi kati ya mmoja na mwingine. Kwa mkubwa, iache mitego na chambo bila kuitega siku kadhaa, ale, azoee, halafu uitege yote usiku mmoja. Ukimkuta hai amebanwa, mmalize haraka kwa pigo moja zito la kichwa. Kama unajua huwezi kufanya hivyo, na hakuna mtu nyumbani anayeweza, chagua njia nyingine.

Usalama: Vidole vya watoto, pua za paka na vifaranga viko hatarini. Mtego uwe ndani ya kasha lenye tundu la kupita panya tu, au nyuma ya kabati lisilosogezwa na mtoto.

Kazi na gharama: Bei yake ni ndogo. Kazi ni ya wiki moja au mbili. Mzoga uokote kwa mfuko wa plastiki uliouvaa mkononi, kisha uufukie.

Kudumu: Unamaliza waliopo. Wapya wataingia kupitia tundu lilelile.

Inamfaa nani: Mwenye panya wengi ndani tayari, mwenye duka la vyakula au stoo, na yeyote anayekubali kuua ila hataki mnyama afe kwa siku nne.

4. Paka

Mateso: Usijidanganye hapa. Paka humchezea panya, humwachia, humkamata tena. Anayeepuka mtego wa kubana kwa sababu ya huruma halafu akaleta paka amehamisha tu mateso mbali na macho yake. Faida kubwa ya paka ni kwamba harufu na mwendo wake humfanya panya mdogo apungue kuja, hasa kama nyumba haina maficho mengi.

Usalama: Paka achanjwe kichaa cha mbwa, na ahasiwe kama hutaki kuwa na paka kumi na wawili. Mjamzito asizoe kinyesi chake, kwa hatari ya toksoplasma, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Na usimlete paka kwenye nyumba au mtaa wenye sumu ya panya.

Kazi na gharama: Ni kiumbe cha miaka kumi na zaidi, chenye kula na kuugua. Wapo wanaomnyima chakula "ili awinde". Anayeshiba anawinda vilevile. Mwenye njaa anaiba samaki wako.

Kudumu: Inategemea paka na inategemea panya. Watafiti waliofuatilia panya wakubwa kwenye kituo cha taka Brooklyn, New York, na kuchapisha kazi yao mwaka 2018, waliona paka wa mtaani wameua panya wawili tu katika siku 79. Panya walikuwepo wengi. Walichofanya ni kujificha zaidi. Kwa panya wadogo paka ana nafasi nzuri. Kwa madume ya darini na mitaroni, paka wengi wanajua mipaka yao.

Inamfaa nani: Anayempenda paka kwa upaka wake. Kama unamtaka kwa kazi tu, huenda ukaishia na panya na paka wa kulisha.

5. Gundi na sumu

Hizi ndizo zinazouzwa zaidi, basi nazo zipite kwenye vipimo vilevile.

Mateso: Ya gundi ndiyo marefu kuyashuhudia. Panya anakanyaga kwa miguu ya mbele, anavuta, tumbo linanasa, shavu linanasa. Anajing'oa manyoya na wakati mwingine ngozi. Anakufa kwa uchovu, kiu au kukosa pumzi, baada ya saa nyingi, na watu wengi hutupa karatasi hilo jalalani akiwa bado anapumua. England imeizuia kutumika bila kibali kwa sheria ya mwaka 2022 iliyoanza kufanya kazi Julai 2024, na Wales waliipiga marufuku mwaka 2023. Gundi ikimnasa mjusi, kifaranga au mtoto wa paka, mafuta ya kupikia yanailegeza taratibu.

Sumu zinazozuia damu kuganda, kama bromadioloni na brodifakumu, huua kwa kuvuja damu ndani kwa ndani, siku tatu hadi kumi baada ya kuliwa. Zinki fosfaidi inaua haraka zaidi, kwa gesi inayotokea tumboni, na si kifo chepesi. Tena panya akila kidogo akaugua bila kufa, hataigusa tena. Hawa si wanyama wajinga: panya buku wanaofunzwa Morogoro hunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, na mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia.

Usalama: Gundi haina sumu. Sumu ni shida kubwa kabisa katika orodha hii. Mtoto anaila, kuku anaidonoa, paka na bundi wanamla panya aliyeila. Kwa sumu za damu kuna vitamini K hospitalini. Kwa zinki fosfaidi hakuna dawa ya kuiondoa mwilini. Kipakiti cha mkokoteni kisicho na jina la kemikali kina ubaya wa ziada: daktari hatajua anatibu nini. Kama lazima sumu itumike, iwe iliyosajiliwa na mamlaka ya viuatilifu, yaani TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya, ndani ya kasha linalofungwa.

Kazi na gharama: Rahisi na nafuu siku ya kwanza. Kutafuta mzoga darini ni gharama inayokuja baadaye.

Kudumu: Sawa na mtego wa kubana, wapya wataingia.

Inamfaa nani: Gundi, kwa maoni yangu, haimfai yeyote anayesoma kwa nia ya kupunguza mateso. Sumu ina mahali pake kwenye maghala makubwa na milipuko ya panya mashambani, mikononi mwa waliofunzwa, si nyuma ya kabati la vyombo.

Vile vidude vya sauti vya kuchomeka kwenye soketi sikuvipa kichwa chake. Mwaka 2001 tume ya biashara ya Marekani iliwaonya kwa barua watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kwamba madai yao yanahitaji ushahidi wa kisayansi. Naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu kabatini, nayo ni sumu kwa mtoto anayeiokota akidhani pipi, na ni hatari zaidi kwa wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu.

Uchague kwa hali yako

Umeona panya mdogo mmoja tu, hakuna kinyesi kipya droo kwa droo: kalamu chini ya mlango, waya wa masufuria kwenye mabomba, mtego mmoja wa hai usiku ule. Huenda ikaishia hapo.

Kinyesi kiko kila mahali na kipya kila asubuhi: kunasa mmoja mmoja na kuwatembeza hakutawahi kasi ya kuzaa. Mitego ya kubana mingi kwa muda mfupi, kisha kuziba, itaua wachache kuliko kuvuta miezi. Asiyeweza kuua atege vizimba vingi kwa mpigo, na awe na mtu wa kumsaidia kukagua.

Mbio ni darini: usianze na saruji. Jua wanaingilia wapi, kata tawi, mitego mikubwa izoeleke kwanza, karatasi kwenye tundu la mwisho, ndipo uzibe.

Umepanga chumba kwenye nyumba ya watu wengi: funga chakula chako kwenye bati, ziba chumba chako, halafu zungumza na wenzako kuhusu ndoo ya taka ya uani na nani anayemwaga sumu. Mwenye nyumba mpelekee hoja ya nyaya: panya hutafuna nyaya za umeme, na hilo linamgusa yeye mfukoni kuliko unga wako.

Una mtoto anayetambaa, au kuku wanaoingia ndani: kuziba na mtego wa hai, au mtego wa kubana ndani ya kasha lililofungwa. Vingine vyote weka kando.

Vyovyote utakavyochagua, usifagie kinyesi kikiwa kikavu. Fungua madirisha, loweka kwa jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, subiri dakika tano, kisha zoa kwa karatasi ukiwa na glavu.

Na kama unaishi Lushoto, Mbulu, Ituri au kwingine kunakojulikana kwa tauni, mpangilio unageuka. Panya akifa, viroboto wake wanamhama kutafuta damu nyingine, kwa hiyo viroboto hupigwa dawa kabla ya mtego wowote wa kuua kutegwa. Ukiona panya wanakufa wenyewe ovyo uani, usiwaguse, zuia watoto, na uwapigie wahudumu wa afya wa eneo lako siku hiyohiyo.